Maji ya Kopo la Nje

Leo asubuhi nimeziona tena picha zenu kwenye kundi la simu. Mmoja kapiga picha kipima mvua akiwa kasimama juu yake kama anayechungulia kisima. Mwingine kaandika "kama thelathini hivi". Kama! Hivi! Wa tatu katuma saa nne na nusu badala ya saa tatu. Na Imelda, binti wa Mama Kolumba wa mteremko wa juu, katuma ishirini na tano. Jana pia alituma ishirini na tano.

Nimempigia, hapokei. Nimempigia mama yake.

"Imelda kaenda mashineni kusaga, baba. Akirudi nitamwambia ulipiga."

"Mama Kolumba, mwambie afunue kopo la nje."

"Kopo gani tena?"

"La kipima mvua. Nenda ukalifunue wewe basi."

"Mimi? Nikaharibu kitu cha kikundi? Hapana, baba, atakuja mwenyewe."

Mguu wangu na ule mteremko havipatani kukiwa na utelezi. Basi nimekaa kuandika huku nasubiri. Mliniomba niwaandikie juu ya kazi hii tangu mlipogawiwa hivyo vipima vyenu vya plastiki, nikakataa mara tatu. Leo naandika, lakini mjue kwamba mvua inanyesha, na mvua ikinyesha mimi sikai nikatulia. Nitainuka, nitarudi. Mkiona sentensi imekatika, jueni nilikuwa mlangoni.

Mimi ni Otmari, mnayeniita Mzee Milimita ingawa sitini sijaifikia. Niliishia darasa la tano. Kipima mvua cha kijiji nimekisoma miaka kumi na tisa, kila siku ya Mungu saa tatu asubuhi, Pasaka na Krismasi zikiwemo. Kazi nilipewa kwa sababu mbili: nilikuwa na uwanja mpana, na siku ya mkutano nilichelewa kufika. Nilipoingia nikakuta watu wote wananitazama na kutabasamu. Nikajua nimeshapangiwa kitu.

Mabwana wawili walikuja na gari jeupe, wakasimika kile chombo, wakanionyesha mara moja, wakaondoka. Sasa sikilizeni ujinga wangu wa kwanza. Mvua ilinyesha, kisha jua likawaka, nami nikaona maji yatakauka kabla sijayasoma. Na sisi watu wa kahawa mnatujua. Kitu chochote kichanga tunakiwekea kivuli. Nikakata miti, nikajenga kichanja, nikaezeka nyasi na majani ya mgomba juu ya kipima mvua, kizuri kabisa, kama kitalu cha miche. Wiki mbili nikaandika sifuri. Maharage ya jirani yanasombwa na maji, mimi naandika sifuri kwa mwandiko mzuri.

Aliyeniokoa ni Bibi Gaudensia. Zamani alikuwa mpishi wa misheni, na mabruda walipokuwa kanisani asubuhi yeye ndiye aliwasomea mvua yao. Alipita njiani akasimama.

"Otmari, mwanangu, umeanza kitalu?"

"Shikamoo, bibi. Hapana, hiki ni kipima mvua."

"Marahaba. Na hiyo mvua umeiambia ipitie wapi?"

Nilikibomoa kile kichanja siku hiyohiyo, yeye amekaa kwenye kinu kilicholala, anacheka mpaka anafuta machozi na khanga. Halafu akaacha kucheka akanifundisha.

Mvua inataka uwanja, alisema. Chukua kitu kirefu kilicho karibu, nyumba au mparachichi, jua urefu wake, kisha kaa mbali nacho mara mbili ya huo urefu. Ukikaa karibu, upepo ukivuma upande huu nyumba inakunyima mvua, ukivuma upande ule paa linakumwagia isiyo yako. Basi nikapanda juu ya paa na kamba. Mke wangu Skolastika akashika ncha ya pili chini, akawa anaivuta makusudi nianguke. Tukapima, tukapima tena ili nisiwe na shaka, na kipima mvua kikahamia mwisho kabisa wa uwanja, mbali na nyumba, mbali na jiko, mbali na mparachichi.

"Mbali hivyo?" Skolastika akasema. "Si ukakiweke kanisani tu, ukienda misa ukisome."

Shikeni hapo kwamba kilikuwa mbali na jiko. Nitaparudia.

Nimetoka kidogo. Inanyesha ile ya kusimama wima, bila upepo. Siipendi hiyo.

Haya. Kusoma. Piga goti. Nyote mnaosoma mkiwa mmesimama mnaongopa, na mnaochuchumaa mnaongopa kidogo. Jicho liwe sawa na maji. Na ukiyatazama maji ndani ya kichupa utaona pembeni yamepanda kwenye ukuta na katikati yamebonyea. Bibi Gaudensia alisema maji yana mabega na yana tumbo. Soma tumbo. Ukisoma mabega utaongeza milimita moja kila siku, na mwisho wa msimu utakuwa umenyesha mvua yako mwenyewe.

Andika palepale, kwenye daftari. Mimi siku moja niliandika kiganjani kwa sababu daftari lilikuwa ndani na viatu vilikuwa na tope, na Skolastika na tope havikuwa marafiki. Nikapita msibani, nikanawishwa mikono, nikala ugali na milimita zangu kumi na mbili. Na siku isiyo na mvua andika sifuri, usiruke. Nafasi tupu haisemi kama mvua haikunyesha au wewe ndiye hukuamka.

Safisheni. Jani moja la kahawa kwenye faneli linatosha kuharibu wiki nzima. Mnakumbuka kile cha kujisomea chenyewe, chenye kioo cha jua, walichokileta baada ya mimi kuacha? Buibui aliingia akajenga. Mvua za Machi zikawa zinashuka, barabara zimekatika, na chombo kinatuma sifuri, sifuri, sifuri. Kijana mmoja wa ofisini huko mjini akanipigia: "Mzee, kwenu kuna ukame?" Nikamwambia subiri nimtoe bata anayeogelea jikoni, halafu nitakujibu.

Nimempigia tena Imelda. Inaita tu.

Sasa kengele. Ile rimu ya lori iliyoning'inia nje ya ofisi ya kijiji haikuwekwa kwa ajili ya mikutano. Kijiji chetu kimekaa mgongoni mwa mlima, na zamani kipande cha mlima kiliwahi kushuka na shamba zima. Hakuna aliyekufa, ila watu walishtuka wakakubaliana: mvua ya siku tatu ikijumlishwa ikafika mia moja na hamsini, rimu inagongwa, na watu wote wa mteremko wa juu wanashuka kulala shuleni mpaka mlima ukauke. Daftari langu ndilo lilikuwa linaamua. Iligongwa mara mbili miaka ile na mlima haukushuka. Watu wakanuna. Ni Machi, ni wakati wa kuchimba ngoro mashambani, wewe unawalaza watu darasani na mbuzi wao.

Katibu wenu ameniomba nisitaje majina ya waliokosea. Nataja.

Wa kwanza ni Desideri, mwenyekiti wa kijiji, ambaye mmemchagua tena wenyewe. Shamba lake liko juu ya nyumba zote za mteremko ule. Ninyi mnaokwenda kupanga vyumba Mbinga mjini mtasahau ngoro ni nini, basi niandike. Mwanaume anakata nyasi na kuzilaza kwa miraba mlima mzima. Mwanamke anachimba katikati ya mraba na kufunika nyasi kwa udongo. Linabaki shimo. Mvua inaingia shimoni, inakaa, inazama polepole, haikimbii. Babu zetu walilima miteremko ambayo mbuzi anaishika kwa kwato zote nne, na udongo ulibaki. Desideri akaona ngoro ni kazi nyingi. Akaleta vibarua wa mbali wasiozijua, wakachoma nyasi, wakapiga matuta yaliyonyooka kutoka juu mpaka chini. Kila tuta likawa na mfereji wake, na kila mfereji ulielekea kwetu.

Nilimwambia. Akasema, "Otmari, wewe pima mvua, mimi nitalima."

Wa pili ni Bonifasi, shemeji yangu, kaka wa Skolastika. Mwaka ule wa matuta, mwezi wa tatu, niliteremka ziwani, Mbamba Bay, kwa kipaimara cha mtoto wa dada yangu. Nilimwachia Bonifasi daftari. Kipima mvua chetu kilikuwa kama vyenu: kuna kichupa chembamba ndani na kopo pana nje. Kichupa kinajaa kwenye ishirini na tano. Mvua ikizidi hapo inafurika, inashukia kwenye kopo la nje na kukusubiri. Kwa hiyo siku ya mvua kubwa unasoma kichupa, unakimwaga, kisha unayachukua maji ya kopo la nje unayapima kwa kichupa hichohicho, kimoja baada ya kingine, mpaka yaishe. Hapo ndipo mvua ilipo. Kichupa kilichojaa hakikwambii ni mvua kiasi gani. Kinakwambia kimejaa tu.

Bonifasi siku ya kwanza aliandika ishirini na tano. Siku ya pili ishirini na tano. Ya tatu ishirini na tano. Kila asubuhi alikitoa kichupa ndani ya maji, akakisoma kwa goti na jicho sawasawa kama nilivyomfundisha, akakimwaga, akakirudisha majini.

Mama mmoja wa mteremko ule alikwenda ofisini na mtoto mgongoni. Alimwambia mwenyekiti miti ya uani kwake imeanza kuinama na kisima kimetoa maji ya tope, agonge rimu. Desideri alifungua daftari aliloletewa na Bonifasi, mbele ya watu.

"Sabini na tano," akasema. "Kengele inagongwa na daftari, haigongwi na woga wako."

"Mwenyekiti, lakini si unaiona hii mvua?"

"Naiona. Na daftari nalo naliona. Rudini mkalime."

Yule mama alifunga virago vyake akashuka na watoto bila ruhusa ya mtu. Yupo hai, na watoto wake wapo, mmoja ni fundi wa bodaboda mnamjua.

Nimesimama kidogo. Mguu huu ukikaa muda mrefu unakuwa si wangu.

Nilirudi siku ile ya tatu, alasiri. Gari lilikwama mbali, nikapanda kwa miguu na kikapu cha usipa, dagaa wa ziwani, kichwani. Nilipofika uwanjani sikuingia ndani. Nilikwenda moja kwa moja mwisho wa uwanja, nikafunua. Kopo la nje lilikuwa limejaa karibu na mdomo, na kichupa kimeelea ndani yake.

Skolastika alitokeza mlangoni pa jiko. Alikuwa amepika maharage, moshi unatoka nyuma yake.

"Umerudi kwangu au umerudi kwa kopo?"

"Subiri kidogo, nihesabu."

"Siku nne hujaniona, unasalimia kopo kwanza."

"Nimekuletea usipa. Subiri, Skola, nisije nikasahau namba."

Akacheka, akarudi ndani.

Nikajaza kichupa, kimoja. Nikamwaga. Cha pili. Cha tatu. Kwenye cha tatu nilikuwa nimeshafika: sabini na tano ya daftari, na sabini na tano hii, mia na hamsini. Hiyo ndiyo namba ya rimu. Ningeweza kupiga kelele hapo. Jiko lilikuwa mbali kwa kamba yetu ileile, mtu akipiga kelele anasikika. Lakini bado kopo lilikuwa na maji, nami nilitaka namba kamili. Miaka yote nilikuwa nawacheka watu wa "kama hivi". Nikajaza cha nne. Nikajaza cha tano, nimepiga goti, nasoma tumbo.

Mlima haukuvuma kama watu wanavyosimulia. Ulitoa sauti kama gunia la mahindi linaloburutwa, kubwa tu. Ulipita kwenye nyumba na jiko na mparachichi, na mimi ulinigusa ukingoni, kwa sababu kipima mvua kilikuwa mbali na kila kitu kirefu kama alivyofundisha Bibi Gaudensia. Walinitoa tope likiwa kifuani, mguu umevunjika mara mbili. Kichupa kilikuwa mkononi. Jikoni walichimba siku mbili.

Bonifasi alikuja hospitalini. Alisimama mwisho wa kitanda, kofia mkononi, hakunisalimia.

"Shemeji," akasema, "uliniambia nisiguse la nje."

Nikageukia ukutani.

Na ni kweli nilimwambia. Ilikuwa mwezi wa nane wa mwaka uliotangulia, kiangazi, hakuna hata tone. Aliwahi kuazima lile kopo bila kuniuliza akagawia watu komoni msibani, likarudi linanuka pombe. Siku namfundisha bado nilikuwa na hasira. Nikamwambia: "Wewe soma kichupa cha ndani tu. Kopo la nje usiliguse. Nikikuta umeligusa tutagombana." Hakuligusa. Alimzika dada yake kwa kunitii. Amehamia upande wa Kitura, na hatujasalimiana tangu hapo. Nimewaambia watu miaka yote hii kwamba Bonifasi hajui kuhesabu. Anajua.

Kuna wa tatu. Ngojeni.

Nimetoka, nimerudi. Bado inanyesha.

Siku ya pili ya mvua ile nilimpigia simu Bonifasi kutoka ziwani. Tulikuwa tumekaa mchangani nyuma ya nyumba ya dada, mbasa wanachomwa, watoto wa kipaimara wanakimbizana na mavazi yao meupe, na kule ziwani kulikuwa na mvua kidogo tu. Mtandao unakatika.

"Nisomee," nikamwambia.

"Ishirini na tano, shemeji."

"Na jana?"

"Ishirini na tano."

Mimi, Otmari, Mzee Milimita. Nimesoma mvua miaka mingi kuliko mtu yeyote mlimani hapa, na sijawahi kuiona ikirudia namba kwa kujaza kichupa mpaka ukingoni siku mbili mfululizo. Nilisikia. Nilijua hapo pana kitu. Kisha shemeji mwingine akaniita samaki anapoa, na dada akasema kaa siku moja zaidi, nami nilitaka kukaa. Nikamwambia Bonifasi, "Sawa. Andika."

Neno moja lilitosha: funua. Salio lilikuwepo. Sikulisema. Padre anajua, na sasa mnajua ninyi.

Kwa hiyo msinione nina kelele nyingi asubuhi kwenye kundi. Mkinipa "kama hivi" nakasirika, lakini hasira hiyo ni ya juujuu. Namba inayorudi siku ya pili ndiyo inayonitoa kitandani. Na hii nawaambia kinyume cha kila kitu nilichowafundisha huko juu: pimeni kwa goti, someni tumbo, andikeni sifuri, lakini siku mkifikia namba ya rimu acheni kuhesabu. Kimbieni mkaseme. Maji yaliyobaki kwenye kopo hayaendi popote.

Simu.

Imelda kaandika. Naweka hapa kama ilivyo: "Shikamoo mzee. Ndo nimetoka mashineni. Nimefunua la nje kulikuwa na maji mengi nilikuwa sijui yanahesabiwa. Nimepata vichupa viwili kamili na kidogo. Juzi ilikuwa ishirini. Samahani mzee."

Ishirini, na ishirini na tano mbili, na hamsini ya nje. Mia na ishirini na kidogo. Haijafika mia na hamsini. Desideri atafungua daftari mbele ya watu aseme haijafika, na kwa daftari atakuwa na haki.

Nimemjibu Imelda: marahaba, hujakosa kitu, mimi ndiye sikukufundisha. Usipime tena. Mchukue mama yako, chukueni blanketi, shukeni shuleni sasa hivi, na mkipita kila nyumba mgonge mlango. Msiulize mtu.

Nyundo iko nyuma ya mlango wangu, imekaa hapo miaka. Kutoka hapa mpaka ofisini ni tambarare, mguu utafika. Mkisikia rimu kabla hamjamaliza kusoma hii, ni mimi ninayegonga, na mwenyekiti akiwauliza ni nani aliyeruhusu, jina langu mnalo.